Kamati ya Kuthibitisha Uzee wa Paka

Ifahamike kwa kila anayefuga na kila anayefugwa mjini Maskati kwamba Shirika la Bima la Kinga Njema lilikuwa la kwanza, kwa mujibu wa Shirika lenyewe, kumtazama paka mzee kwa jicho la huruma. Bima hiyo tuliipa jina la Ngao ya Uzeeni. Ilizinduliwa Jumatatu asubuhi katika ukumbi wa hoteli moja ya Qurum, kwa halua, kahawa na hotuba tatu, na tangu saa ile paka yeyote aliyekula chumvi nyingi alikuwa na pahala pa kuegemea, ilimradi asiwe mzee.

Hilo la mwisho liliandikwa kwa herufi ndogo. Hatukukusudia kuficha. Karatasi ilikuwa imejaa picha.

Mimi ni Mahfoudh, wakati huo Mkuu wa Kitengo cha Kupokea na Kurejesha Maombi. Kupokea nilipokea mara moja kwa wiki. Kurejesha ilikuwa kila siku. Nilikuwa na meza ya dirishani, na bahari ilionekana vizuri ukisimama juu ya kiti. Kila asubuhi niliendesha gari kutoka Amerat, nikavuka majabali, nikafika Qurum na kilemba changu hakijalegea. Nayasema haya ili msomaji ajue kwamba habari hii haitoki kwa mtu wa barazani. Inatoka ndani.

Picha ya tangazo letu ilikuwa ya paka mwenye mvi puani, amelala juu ya mto wa hariri, macho yake yamejaa hekima. Watu wengi walituuliza tumempata wapi. Paka yule alikuwa na miaka miwili na mvi zake zilikuwa unga wa ngano, lakini hekima ilikuwa yake mwenyewe.

Wiki ya pili akaja Bi Kheiria.

Alitoka Al Hail, peke yake, akiendesha gari dogo jeupe. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini hivi, mjane, mwalimu mstaafu wa nahau, yaani sarufi, ya Kiarabu, na wazee wake kama wangu walitoka Unguja. Akaketi mbele yangu, akafungua mkoba, akatoa miwani, faili na kalamu nyekundu. Nikamsalimia kwa heshima zake zote.

"Karibu, Bi Kheiria. Umekuja kumkatia paka bima?"

"Nimekuja kuuliza, mwanangu. Kukata baadaye."

Hapo hapo nikatia alama kwenye fomu. Wateja wanaouliza kwanza wanaharibu takwimu.

Paka wake aliitwa Kashata. Dume, rangi ya sukari iliyoungua, miaka kumi na minne. Mume wake, marehemu Saeed, alimwokota nje ya msikiti ndani ya boksi la chupa za maji, akamleta nyumbani chini ya kanzu kwa kuogopa kukataliwa. Marehemu alikwenda mbele ya haki miaka mitatu nyuma. Watoto wako Sohar na Salalah na wanapiga simu Ijumaa. Siku sita zilizobaki ni Kashata.

"Sasa daktari wake, Rawan, kanambia figo zimeanza kuchoka," alisema. "Hatakufa kesho. Lakini atataka vipimo, atataka dawa, chakula chake mbali. Mimi nnaweza leo. Mwakani sijui. Na sitaki siku moja nisimame pale kwa daktari nnapiga hesabu kichwani, na yeye ananitazama."

"Daktari?"

"Kashata."

Nikaandika: mwombaji hutazama.

Aliniambia kwamba kabla ya kuja kwetu alishauliza pahala pawili. Kampuni moja ya nje, ya kwenye simu, inapokea paka mpaka miaka minane tu. "Miaka minane! Paka hapo ndo kwanza anapata akili." Ya pili inapokea umri wowote, lakini hailipii figo, meno, macho, moyo wala viungo. "Nikamuuliza yule bibie wa simu, basi mnalipia nini? Akasema, ajali. Nikamwambia, mama, huyu paka ajali yake kubwa ni kuanguka kutoka kwenye mto. Ndo nikaona tangazo lenu, paka ana mvi. Nikasema, hawa wenzetu."

Nilimhakikishia kwamba sisi ni wenzake kwa mujibu wa kifungu cha kwanza. Kisha tukajaza fomu.

"Jina kamili la mwombaji?"

"Kashata."

"Jina la baba?"

Akanitazama juu ya miwani. "Mahfoudh, baba yako anakujua unafanya kazi hii?"

"Nimeandika: hajulikani. Kazi ya mwombaji?"

"Paka."

"Nimeandika: hana ajira. Cheti cha kuzaliwa?"

"Alizaliwa kwenye boksi."

"Boksi lipo?"

Boksi halikuwepo. Nikaeleza kwamba si neno, Shirika lina Kamati ya Kuthibitisha Uzee, yenye wajumbe watano na muhuri wake mbali. Lililobaki lilikuwa sahihi. Kitengo chetu cha Sheria kilishikilia kwamba anayekatiwa bima ndiye mwenye kutia sahihi, la sivyo mkataba ni batili. Nikampa kile kijisanduku cha wino wa kupigia muhuri, aende nacho nyumbani. Siku ya pili alirudi na alama ya mguu wa paka mahali palipostahiki, na mkono wake wa kulia umefungwa kitambaa kutoka kiganjani mpaka kiwikoni.

"Katia sahihi," alisema. "Na mimi kanitilia."

Sasa niieleze Kamati, kwa sababu watu wameisema vibaya.

Mwenyekiti alikuwa Mkurugenzi wetu, Bwana Talal. Talal alizaliwa Bujumbura, akarudi Oman na wazee wake akiwa mdogo, akapanda vyeo kwa subira. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, na Kiswahili chake, hata baada ya miaka yote, kilikuwa cha bara. Kutwa alikuwa na mikutano, na baada ya sala ya adhuhuri hutafakari. Hukaa kwenye kiti chake cha ngozi, mikono juu ya tumbo, macho nusu, na sisi sote tulipita mlangoni pake kwa ncha za vidole ili tusiikate fikra. Wakati mwingine fikra ilikoroma.

Kazi ya kwanza ya Kamati ilikuwa kuamua mzee ni nani. Tulikaa vikao sita. Katika rasimu ya kwanza, niliyoiandika mimi, palikuwa na maneno "paka aliyezidi miaka kumi". Bwana Talal aliisoma, akaiweka mezani kama mtu aliyeletewa samaki aliyechina, ananuka.

"Paka? Mahfoudh, tutapeleka neno paka kwa Bodi?"

"Ni bima ya paka, Mkurugenzi."

"Neno halina uzito, ndugu yangu. Andika kiumbe. Kiumbe kinasikika."

Nikaandika kiumbe. Kikao kilichofuata akaongeza "aliye chini ya mamlaka ya Shirika", kwa kuwa alilipenda sana neno mamlaka na lilikuwa halijatumika mwezi mzima. Mwishoni sentensi ilionekana fupi, akaongeza cheo. Ikatoka hivi, na hata leo naikumbuka kwa moyo:

"Mzee ni kiumbe yeyote aliye chini ya mamlaka ya Shirika, ambaye amevuka theluthi mbili za umri wa kawaida wa jinsi yake, analala katika saa za kazi, na tija yake haipimiki. Kiumbe wa namna hiyo ataondolewa katika manufaa yote ya Shirika, bila kujali cheo wala manyoya."

Bodi iliipitisha bila ya kuisoma, ambayo ndiyo njia ya heshima. Ikapigwa muhuri, ikatiwa fremu, ikatundikwa ukumbini karibu na mashine ya kahawa.

Mjumbe mmoja aliuliza: ikiwa bima ni ya wazee, na wazee wanaondolewa, nani atabaki? Bwana Talal akamjibu kwa upole. Bima, alisema, ni kwa jambo lisilojulikana. Uzee unajulikana. Mtu akija kwetu na uzee ni kama amekuja na nyumba inayoungua. Mjumbe akaridhika, na baadaye akahamishiwa tawi la Sur.

Sharti la usingizi lilihitaji ushahidi. Kwa hiyo Jumatano moja nilikwenda Al Hail mwenyewe kufanya ukaguzi, kwani jambo la uzito huu haliachiwi watu wa chini.

Nyumba ya Bi Kheiria ni ya ghorofa moja, njia ya tatu kutoka pwani, ukuta mweupe, mlango wa kijani. Alinikaribisha sebuleni. Kashata alikuwa kwenye kochi, upande wenye jua. Nikakaa upande wa pili, nikatoa saa, daftari na kalamu. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Paka akafumbua jicho moja, akanisoma kutoka kilemba mpaka viatu, akalifumba. Sijawahi kurejeshwa haraka namna ile.

Bi Kheiria akaleta chai ya maziwa na mkate wa kumimina. Akaleta na sambusa. Kiyoyozi kilikuwa kimepangwa vizuri. Saa nne paka alishuka, akaenda kunywa maji, akanywa kwa muda mrefu sana, akarudi, akapanda kochi kwa awamu mbili. Bi Kheiria alisimama mlangoni akimhesabia mafunda. Sikuelewa kwa nini, na fomu haikuwa na nafasi ya kuandika uso wa mtu anayehesabu mafunda ya maji.

Baada ya hapo, kwa muda fulani, nilifumba macho ili nisikilize vizuri. Nilipoyafumbua palikuwa na shuka juu ya magoti yangu na adhana ya adhuhuri ilikuwa inakwisha. Nikaandika: mwombaji amelala muda wote wa ukaguzi, tija, hakuna.

Kamati ilikaa dakika nne. Barua niliiandika mimi, na sioni aibu kusema kwamba ni miongoni mwa barua zangu bora: "Tunasikitika kukuarifu kwamba ombi la Kashata limekataliwa, kwa sababu mwombaji ametimiza masharti yote ya uzee."

Nilitegemea machozi. Kitengo kilikuwa na karatasi laini kwa ajili hiyo. Bi Kheiria alisimama mbele ya meza yangu, akaisoma barua mara mbili, akatoa kalamu nyekundu, akasahihisha koma moja. Halafu akauliza kama fremu ile ya ukumbini anaruhusiwa kuisoma.

"Imewekwa kwa ajili ya umma," nilimwambia. Hakuna mtu wa umma aliyewahi kuisoma.

Alisimama pale karibu na mashine ya kahawa robo saa nzima. Aliporudi uso wake ulikuwa umetulia.

"Nnataka kukata rufaa," alisema.

Kwa kanuni zetu, rufaa husikilizwa na Kamati ile ile iliyokataa, maana ndiyo inayoijua kesi. Lakini lazima awepo shahidi kutoka Bodi. Kwa miaka yote shahidi alikuwa kiti kitupu chenye jina. Safari hii, kwa bahati ambayo Bwana Talal aliiita ya kiufundi, Bodi ilikuwa na mjumbe mpya, Bi Noof, mwanamke wa miaka thelathini na tatu, ambaye alikuwa hajaambiwa kwamba hatakiwi kuja. Akaja. Akaketi mwisho wa meza, simu mkononi, akasalimia kwa Kiarabu, kisha akasema tuendelee kwa lugha yoyote, bibi yake alimlea kwa Kiswahili cha Pemba na kila alichokatazwa alikatazwa kwa lugha hiyo.

Ilikuwa saa nne asubuhi, saa nzuri, kabla ya tafakuri. Bwana Talal alifungua kikao.

"Mama Kheiria, sisi hapa tunampenda sana paka wako. Mimi binafsi nimeumia. Lakini utaratibu ni utaratibu, mama. Tukimruhusu huyu, kesho wanakuja paka wa Maskati nzima."

"Nnakufahamu, Mkurugenzi," alisema Bi Kheiria. "Mimi sikuja kubishana juu ya paka. Nimekuja na suala la lugha. Nimesomesha nahau miaka thelathini na moja, siwezi kupita karibu na sentensi nikaiacha. Hili neno kiumbe, nani kaliweka?"

Bwana Talal alivuta kiti mbele. Katika maisha ya ofisi mtu huulizwa mambo mengi, lakini ni nadra kuulizwa kuhusu mtindo wake.

"Ni mimi."

"Zito. Na hili, 'aliye chini ya mamlaka ya Shirika'?"

"Mimi pia."

"Na 'bila kujali cheo'?"

Niliona fursa ya kumsaidia mkubwa wangu. "Bi Kheiria," nikasema, "maneno yote yenye heshima humo ni ya Mkurugenzi. Mimi nilitaka kuandika paka."

"Ungeandika paka, mwanangu, ingekuwa kheri." Akaivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Sasa nifahamisheni. Kashata mmemkataa. Hana mkataba nanyi, hamlishi, hammiliki. Basi hayupo chini ya mamlaka ya Shirika, na sentensi hii haimgusi. Inamgusa nani? Nani hapa yupo chini ya mamlaka ya Shirika?"

Wajumbe wakatazamana. Sote tulikuwa chini yake.

Bi Noof aliinua uso kutoka kwenye simu. "Naomba uisome tena, Bi Kheiria. Taratibu."

Akaisoma, taratibu, kama mwalimu anayesomea darasa imla, akiacha nafasi kila koma. Alipofika kwenye theluthi mbili za umri wa kawaida akasita. "Mkurugenzi, unisamehe, si adabu kumuuliza mtu miaka. Lakini fomu yenu iliniuliza."

"Hilo halihusiki," alisema Bwana Talal.

"Hamsini na tisa," alisema Bi Noof. Alikuwa nayo kwenye simu.

Mtu wa Hesabu, aliyekuwa mjumbe wa Kamati na hajawahi kusema kitu tangu tumteue, alisema kwa sauti ndogo kwamba theluthi mbili za umri wa kawaida wa mwanadamu ni kama hamsini na mbili. Alionekana kufurahi kwamba hatimaye ameulizwa kitu, ingawa hakuulizwa.

"Na kulala saa za kazi," aliendelea Bi Noof. "Hilo tutalijuaje?"

Nami, kwa uaminifu ambao sikuwahi kulipwa, nikasimama.

"Mkurugenzi halali," nilisema. "Watu wa nje huweza kudhani hivyo. Mkurugenzi hutafakari."

"Kwa muda gani?"

"Kutoka adhuhuri mpaka alasiri, kila siku, hata Ramadhani. Hasa Ramadhani."

"Mahfoudh," alisema Bwana Talal.

"Asante, Bwana Mahfoudh. Na tija yake hupimwaje?"

Suali hili lilinigusa. Nilikumbuka hotuba zake, kamati alizounda, kamati alizounda kusimamia zile kamati. Nikaweka mkono kifuani.

"Bi Noof," nikasema, "tija ya Mkurugenzi wetu haipimiki!"

Nilikuwa bado nimesimama niliposikia nilichokisema. Bwana Talal alikuwa amegeuka rangi ya ule ukuta nyuma yake. Mtu wa Hesabu aliandika kitu. Bi Kheiria alinitazama, na nitakuwa mkweli, katika macho yake palikuwa na huruma, ya aina ambayo tangazo letu liliahidi na halikutoa.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Na wewe una miaka mingapi?"

"Hamsini na sita."

"Na ile siku uliyokuja kwangu, ulilala kwa muda gani?"

"Nilifumba macho."

"Nimeandika." Akafungua faili. "Muda wa saa mbili, kasoro dakika tano. Nikakutia shuka. Kashata aliamka akaja kukunusa, akaondoka zake."

Bi Noof hakucheka. Nadhani hilo ndilo lililotuogopesha zaidi. Alisema kanuni hii ilipitishwa na Bodi, ina muhuri, ina fremu, na yeye ni mgeni, hawezi kuanza kazi kwa kuvunja kanuni. Mpaka ifutwe, itekelezwe. Na kuifuta, kwa mujibu wa kifungu cha tisa, lazima Kamati ikae chini ya Mwenyekiti wake. Na Mwenyekiti wake, kuanzia saa ile, alikuwa ameondolewa katika manufaa yote ya Shirika.

"Uenyekiti ni manufaa?" aliuliza Bwana Talal.

Mtu wa Hesabu akasema una posho.

Cha kwanza kuondoka hakikuwa ofisi. Kilikuwa kivuli. Bwana Talal alikuwa na pahala pake pa kuegesha gari, pamefunikwa kwa turubai, jina lake limeandikwa kwa shaba, na kwa mtu anayejua mwezi wa sita wa Maskati hicho ndicho cheo chenyewe. Mengine ni karatasi. Kabla ya adhuhuri jina lilikuwa limeng'olewa. Nilimwona kutoka dirishani akishika kitasa cha gari lake lililokaa juani, akakiachia, akapuliza vidole. Alikata rufaa wiki ile ile. Ilipokewa, ikapewa namba, ikaambiwa isubiri Kamati, na Kamati haina mwenyekiti. Nilivyosikia mara ya mwisho, ameombwa alete cheti cha kuzaliwa kutoka Bujumbura.

Mimi nilipewa mwezi mmoja. Barua yangu ilikuwa na kosa la koma mahali pale pale.

Kuhusu Kashata, Bi Noof alifanya uungwana. Alimpigia simu Bi Kheiria mwenyewe, akaomba radhi, akampa Ngao ya Uzeeni kwa mkono wake, akitaka tu picha ya paka mwenye mvi za kweli. Bi Kheiria akamshukuru, akaomba mkataba, akakaa nao siku mbili na kalamu nyekundu. Halafu akaurejesha. Nilikuwepo alipokuja, ilikuwa siku yangu ya mwisho.

"Nimesoma ukurasa wa kumi na moja," aliniambia. "Mnalipia figo madhali figo hazina ugonjwa. Mnalipia dawa madhali hazitumiki. Mahfoudh, hivi kuna mtu aliyekaa akaandika haya, kisha akenda nyumbani akala?"

Nilikumbuka siku hiyo. Ulikuwa ni wali wa papa.

Aliondoka akasahau faili lake juu ya meza yangu: picha za Kashata, majibu ya vipimo, kadi ya chanjo yenye mwandiko wa marehemu Saeed. Kwa kuwa nilikuwa bado Mkuu wa Kitengo cha Kupokea na Kurejesha mpaka saa nane na nusu, nikaona nimalize kazi kwa heshima. Nikaendesha hadi Al Hail kulirejesha.

Mlango ulikuwa wazi. Sebuleni nikamkuta daktari Rawan, msichana mwembamba mwenye viatu vya mpira, amepanda kiti anatundika mfuko wa maji kwenye fimbo ya pazia. Bi Kheiria alikuwa sakafuni, kanga kiunoni, na Kashata alikuwa chini ya kabati, anazungumza maneno ambayo sikuyajua paka wanayo.

"Tumekaa na daktari tukapanga wenyewe," alisema Bi Kheiria bila kugeuka. "Kipi anakihitaji kweli, kipi ni mapambo. Vipimo mara moja kila miezi mitatu. Chakula chake. Na maji haya chini ya ngozi, mara tatu kwa wiki. Nikimpeleka hospitali kila mara anarudi kama mtu aliyefufuliwa. Humu ndani ni dakika kumi tu. Lakini inataka watu wawili, mmoja amshike, mmoja atie sindano, na mimi nipo peke yangu."

"Nimeleta faili," nilisema.

"Liweke. Vua saa, kanawe mikono, ukae hapa chini."

Nilikuwa na maneno. Nilitaka kueleza kwamba sina mafunzo, kwamba dhamana haijafafanuliwa, kwamba dishdasha yangu ilitoka kwa dobi asubuhi. Lakini saa nane na nusu ilikuwa imeshapita, na mtu asiye na kitengo hana pahala pa kuyaanzia maneno ya namna hiyo. Nikanawa. Nikakaa chini. Daktari akanionyesha: kiganja kifuani, kiganja nyuma, usibane, usilegeze. Kashata alikuwa mwepesi kuliko nilivyomwandika. Chini ya manyoya palikuwa na mifupa tu, na moyo unaokwenda mbio. Aliniuma mara mbili, kidole gumba na cha shahada. Bi Kheiria akainua ngozi ya shingo, kwa mkono wake wenye kovu la siku ya wino, akatia sindano, na maji yakaanza kushuka. Mfuko ulipokwisha, paka alijing'oa mikononi mwangu, akaenda kukaa kwenye jua, akanipa mgongo.

Siku ya pili yake niliamka Amerat sina pa kwenda. Ya tatu nikawasha gari.

Ni miezi saba sasa. Jumamosi, Jumatatu na Alhamisi, saa tatu asubuhi. Mwanzo niliwaambia watu wa nyumbani kwamba mimi ni Mshauri Mkaazi wa Masuala ya Utulivu. Mke wangu alitazama mikono yangu, akaninunulia dawa ya kidonda, na suala hilo halikurudi mezani. Kashata ameongeza uzito kidogo. Anapanda kochi kwa awamu moja, siku nzuri.

Alhamisi iliyopita jirani mgeni, Masouda, aliingia kumsabahi Bi Kheiria, akatukuta sakafuni: mfuko unaning'inia, mwenyewe Bi Kheiria, daktari wetu kiongozi, na sindano yake, na mimi, mtu mzima, kilemba kimeniangukia sikioni, nimemkumbatia paka anayeniuma kiwiko.

"Huyu nani?" aliuliza. "Ndugu yako?"

"Si ndugu," alisema Bi Kheiria, macho kwenye sindano. "Nilimtafutia Kashata bima mji mzima. Hii ndo niliyoipata."

Sikumsahihisha. Nilikuwa nimeshika miguu ya nyuma, na kazi hiyo haitaki maneno.